SOMO LA HISTORIA: KIOO CHA MOTOKAA

Ninyi mlioko Nduguti, na ninyi wa vijiji vingine vya Wilaya ya Mkalama, sogeeni karibu na redio, na kila mtu awe na kalamu yake. Leo twasoma historia, lakini si ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kioo cha motokaa.

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya: utando, tabaka, ncha, kiolezo, mfereji.

Pengine mtu atauliza, "Kioo nacho kina historia gani?" Kina historia kubwa, tena ya damu. Magari ya zamani, kama vile Land Rover na Peugeot, yalijengwa imara, na mtu aliye nalo hapendi kulitupa. Lakini barabara za changarawe zina mawe. Jiwe likiruka, kioo hupasuka, na mwenye gari hutafuta kingine. Hapo ndipo hatari inapoanza, maana vioo havifanani. Viko vya namna tatu, na kila kimoja kilikuja kwa wakati wake.

Namna ya kwanza ni kioo cha kawaida, kama cha dirisha la nyumba. Motokaa nyingi za mwanzo, mwishoni mwa karne ya 19, hazikuwa na kioo kabisa. Dereva alikula vumbi na upepo. Baadaye wakaweka kioo cha kawaida mbele yake. Upepo ulizuiwa, lakini kioo hicho kilipovunjika kilitoa vipande virefu vyenye ncha, vikali kama visu. Gari lilipogonga, abiria alirushwa mbele, na uso wake ukapita katika visu hivyo. Mtu ambaye angeinuka na kwenda zake aliuawa na kioo.

Namna ya pili ni kioo cha tabaka. Mwaka 1903, mkemia Mfaransa aitwaye Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya kioo katika chumba chake cha kazi. Chupa ilipasuka, lakini vipande havikutawanyika. Ndani yake dawa ilikuwa imekauka na kuacha utando mwembamba, nao ndio ulioshika vipande. Mwaka 1909 aliandikisha uvumbuzi wake: vioo viwili, na utando katikati. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, kioo hicho kilitumika katika macho ya vinyago vilivyowakinga askari na gesi ya sumu. Waundaji wa motokaa walisitasita kwa sababu ya bei yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Ford ya Marekani ilianza kukiweka katika magari yake. Utando wa kwanza uligeuka njano kwa jua. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ikapatikana plastiki bora zaidi, na ya namna hiyo yatumika mpaka leo.

Namna ya tatu ni kioo kilichokazwa kwa moto. Kioo hupashwa moto kupita digrii 600, kisha hupulizwa kwa upepo wa baridi pande zote mbili. Nje hukauka kwanza. Ndani hupoa baadaye na kuvuta. Kwa hiyo kioo huwa na nguvu, na kikivunjika huwa chembe ndogo butu, kama chumvi ya mawe. Hutumika sana katika madirisha ya ubavuni na ya nyuma. Lakini, fundi, sikiliza: kioo hiki hakikatwi. Ukikikata baada ya kukazwa, chote humwagika.

Sasa tuje kwenye magari yetu. Land Rover ilionyeshwa kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Kioo chake cha mbele kilikuwa vipande viwili bapa. Jambo hili laonekana dogo, lakini lilikuwa na faida kubwa kwa watu walio mbali na miji. Kioo bapa cha tabaka kinaweza kukatwa na fundi mwenye mkono mzuri kutoka katika bamba kubwa, kwa kufuata kiolezo cha karatasi ngumu.

Peugeot 404, iliyotoka mwaka 1960, ni habari nyingine. Gari hili lilipata sifa Afrika ya Mashariki katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Lilishinda mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Kioo chake cha mbele kimepinda. Hakikatwi kutoka bamba bapa; sharti kipindwe kiwandani. Nacho hushikwa na mpira wenye mifereji miwili: mmoja huuma kioo, mwingine huuma ukingo wa bati la gari.

Katika magari mengi ya wakati ule, juu ya mpira huo kuna ukanda unaong'aa. Watu hudhani ni pambo tu. Katika baadhi ya magari, ukanda ukiingizwa hutanua mpira na kuukaza. Anayeutupa amelegeza kioo chake mwenyewe.

Kazi ya kutia kioo cha mpira ni hii. Kwanza, kwangua kutu yote ya ukingoni, upake rangi, uiache ikauke. Pili, vika mpira mpya kwenye kioo. Tatu, laza kamba nyembamba katika mfereji wa nje, kuzunguka kote, ncha zake zikutane chini katikati. Nne, paka maji ya sabuni. Usipake oili, maana huozesha mpira. Tano, mtu mmoja asukume kioo kwa viganja akiwa nje, na mwenzake aliye ndani avute kamba polepole. Mdomo wa mpira utapanda juu ya bati. Mwisho tia ukanda, kisha umwagie maji uone kama yapenya. Maji yakipenya huleta kutu, kutu hula ukingo, na siku ya ajali kioo hutoka chote.

Magari ya siku hizi mengi hayatumii mpira huo. Kioo cha mbele hugandishwa kwa gundi kali, nacho husaidia kuupa mwili wa gari nguvu. Kwa hiyo kila gari na kazi yake.

Ndugu wanafunzi, rahisi hugharimu. Kioo cha nyumba ni rahisi, na kikiwa mezani kwa mwuzaji kinafanana na vingine. Lakini kukitia katika gari ni kurudi mwaka 1900, kwenye visu vile vile, na abiria hana habari. Utakitambuaje? Tazama pembeni mwa kioo. Kioo cha gari kwa kawaida kimechapwa alama ndogo: jina la kiwanda na namna ya kioo. Tazama na ukingo wake: kioo cha tabaka kina mstari katikati. Asiyejua kusoma humwamini mwuzaji. Ninyi mnajifunza kusoma. Basi inameni, msome, ndipo mtoe fedha.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini kioo cha kawaida ni hatari katika gari?
2. Chupa ya Bénédictus ilipasuka bila kutawanyika. Kwa nini?
3. Kwa nini ilikuwa rahisi kupata kioo cha Land Rover kuliko cha Peugeot 404?
4. Kabla ya somo lijalo, kila mmoja atazame gari moja, asome alama ya kioo chake na kuinakili katika daftari.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.