Asiyependelea: Neno na Majaribu Yake



Atafutaye kivumishi kimoja cha Kiswahili kilingane sawasawa na neno la Kiingereza «impartial» hutaabika. Sisi hulieleza kwa kitenzi: asiyependelea, asiyeegemea upande. Huo si upungufu wa lugha. Kivumishi mtu aweza kujivika mwenyewe. Kitenzi hudai tendo, na tendo lina mashahidi.

Katiba ya Malawi ya mwaka 1994, kifungu cha 9, yaziagiza mahakama zitende kazi kwa uhuru na bila kupendelea, zikizingatia sheria na ukweli unaohusika kisheria tu. Agizo hilo lilijaribiwa Lilongwe baada ya uchaguzi wa Mei 2019. Majaji watano walisikiliza shauri la fomu za matokeo zilizofutwa kwa wino mweupe. Tajiri mmoja alijaribu kuwahonga. Jambo likaripotiwa, naye baadaye akatiwa hatiani. Tarehe 3 Februari 2020 majaji walifika mahakamani wakilindwa na wanajeshi, wakabatilisha ushindi wa rais aliyekuwa madarakani. Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huohuo.

Majaji hao walikuwa raia wenye kura zao. Basi kutopendelea si kukosa maoni, bali ni kuyazuia maoni yasiguse mizani. Wala si kutojali, kwani asiyejali hana sababu ya kuikataa hongo.

Jaribu la pili liko Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe. Gereza hilo la zamani la wafungwa wa kisiasa liligeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, mwaka uleule wa Katiba. Wengi wa wakazi wake watoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili chavuma sokoni. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kukaa. Machi 2023 serikali iliwaamuru walioishi mijini warudi kambini. Mei msako ukaanza, na wenye maduka Lilongwe wakayaacha.

Serikali ilikuwa na sheria mkononi. Mkimbizi alikuwa na miaka ya jasho lake. Nani amsikilize kila mmoja bila kumtazama usoni? Wagombea urais wana mawakili na umati. Mkimbizi hana umati. Asiyependelea hujulikana hapo: shauri la huyu hulisikiliza kwa sikio lilelile alilowapa wale.