Ndege wa Kilwa na hesabu ya madini mazito

Mwaka 1966 wanasayansi wa Sweden walichapisha matokeo ya kazi ya aina yake. Walichukua manyoya ya ndege waliohifadhiwa makumbusho tangu karne ya 19, wakapima zebaki iliyomo. Kwa miongo mingi kiasi kilikuwa kidogo, kisha kuanzia miaka ya 1940 kikapanda ghafla. Ndio wakati ambapo wakulima wa huko walianza kupanda mbegu zilizopakwa dawa ya zebaki ili zisiote kuvu. Ndege walikula mbegu, mwewe wakawala ndege hao, na kila aliyekula mwenzake alirithi sumu yote. Mwaka huohuo wa 1966 Sweden ilipiga marufuku dawa hiyo.

Siri iko kwenye unyoya wenyewe. Unapoota hulishwa na damu, na zebaki iliyomo katika damu hunasa humo. Ukishakomaa, damu haifiki tena, basi kilichoingia kimeingia. Ni ukurasa wa daftari usiofutika. Tai mla samaki wa Sweden, ambaye hukimbilia Afrika msimu wa baridi, alikutwa na zebaki nyingi katika manyoya yaliyoota kwao kuliko katika yale yaliyoota huku kwetu. Wakati huo, upande wetu ndio uliokuwa safi.

Afrika Mashariki nayo ilianza kujiuliza kuhusu uchafuzi wa aina hiyo katika Ziwa Nakuru, nchini Kenya. Ziwa lile halina mto unaotoka: linachopewa na mji, hubaki nacho. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1972 ilikuta uchafuzi bado ni mdogo. Lakini miaka ya 1990 heroe walianza kufa kwa maelfu, Ziwa Bogoria mwaka 1993 na Nakuru mwaka 1995. Mwaka 1996 mtafiti J. K. Kairu alichapisha vipimo vya madini mazito katika miili ya ndege wa Nakuru, na mwaka 1998 wengine wakaonyesha jinsi heroe, anayechuja maji na tope siku nzima kutafuta chakula, anavyojilisha madini hayo bila kukoma. Baadaye sumu ya sianobakteria ilionekana nayo kuhusika, pamoja na maradhi. Wataalamu hawakukubaliana juu ya muuaji mmoja. Kwangu mimi, funzo kubwa la Nakuru ni ile ripoti ya 1972: bila hiyo, waliokuja baadaye wasingekuwa na cha kulinganisha.

Sasa tuje Kilwa Masoko, pwani ya Tanzania. Maji yakipwa, tope na mchanga kati ya mikoko hujaa sululu, vitwitwi na ndege mmoja mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Huyu huzaliana kwenye mashimo ya mchanga katika fukwe za Oman, Iran na jirani zake, kisha hushuka pwani yetu. Ni kwa ajili ya makazi kama haya eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, karibu hekta 600,000, liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2004.

Mwaka huohuo gesi ya kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, ilianza kuzalisha umeme. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi hapa Masoko. Bandari ni neema, na wavuvi wa Kilwa wameingoja muda mrefu. Ila meli hupakwa rangi zenye shaba ili viumbe vya baharini visigande, na chubwi za risasi hupotea majini kila siku. Uingereza ilizuia chubwi ndogo za risasi mwaka 1987, baada ya mabata-maji kufa kwa kuzimeza wakidhani ni changarawe za kusagia chakula. Kaa akila kwenye tope lenye madini, ndege humla kaa, nasi kaa huyohuyo tunamtia chunguni.

Kupima hakuhitaji kumuua ndege hata mmoja. Manyoya yaliyodondoka fukweni yanatosha, yakiokotwa, yakaandikiwa tarehe na mahali, yakahifadhiwa pamoja na tope la siku hiyo. Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa, vyuo vyetu na vikundi vya ulinzi wa bahari vijijini wanaweza kuianza kazi hii sasa, kabla meli hazijawa nyingi.