Kovu Lililovuka Mpaka

Chukueni daftari na kalamu, somo linaanza.

Jitazame mwilini. Bila shaka utaona kovu la zamani, limelala sawa na ngozi. Lakini yako makovu yasiyolala. Leo tutajifunza jinsi madaktari walivyopata kuyatambua.

Mjini Paris, Ufaransa, alikuwako daktari wa ngozi, Jean-Louis Alibert. Mwaka 1806 aliandika habari za makovu yaliyofura na kutambaa kama magando ya kaa. Kwanza aliyapa jina la kuyafananisha na saratani. Miaka kama kumi baadaye aliona kuwa jina hilo linatisha watu bure, maana ugonjwa huu si saratani. Akauita keloidi, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya gando la kaa.

Hata hivyo, makovu manene yaliendelea kuchanganywa. Ndipo Mancini, mwaka 1962, na Peacock, mwaka 1970, walipoyagawa mafungu mawili. Yote mawili hutokea mwili unapozidisha nyuzi za kuunga ngozi.

Fungu la kwanza ni kovu nene. Huinuka, lakini halivuki mpaka wa jeraha. Huanza majuma machache baada ya kuumia, na mara nyingi hupungua lenyewe.

Fungu la pili ni keloidi. Hii huvuka mpaka, ikashika ngozi ambayo haikuumia. Yaweza kuanza miezi mingi baada ya jeraha kupona, na kwa kawaida haipungui yenyewe. Hupenda kifua, mabega na ndewe za masikio. Watu weusi huipata zaidi.

Tofauti hii yatufaa nini? Sikiliza vema. Keloidi ikikatwa tu, bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi, na pengine huwa kubwa kuliko kwanza. Kwa hiyo daktari huichoma sindano ya dawa, au huikata kisha akaongeza matibabu. Basi usikubali kukatwa na mtu asiyejua. Na kama ulitoga sikio likaota keloidi, usitoge tena.

Keloidi haiambukizi, wala si laana. Usimkimbie mwenye nayo.

Maswali:
1. Kwa nini Alibert alibadili jina?
2. Ni kovu gani lisilovuka mpaka wa jeraha?
3. Kuna hatari gani kukata keloidi bila matibabu mengine?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.