Kuwatafuta Wahenga Pale Madaftari Yanapokoma

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu, vijana wametuuliza swali linalostahili jibu la uangalifu: wahenga wetu walikuwa nani, nao walifika pwani hii lini? Koo nyingi za waumini zinaweza kutaja baba na babu pasipo kusita. Kwa baba wa babu sauti hupungua, na zaidi ya hapo huwa kimya.

Sababu za kimya hicho zinajulikana. Majirani zetu Waislamu na Wakristo huweza kwenda makaburini wakasoma jina na mwaka. Sisi huwachoma maiti wetu na majivu huyatoa baharini au mtoni, hivyo hatuna jiwe la kusoma. Tena wahenga wengi walitoka Mandvi, Mundra na Porbandar kwa majahazi yaliyoletwa na upepo wa kaskazi. Jahazi halikuacha orodha ya abiria kama zilivyofanya meli za baadaye. Kutch nayo ilikuwa dola ya mfalme wake hadi 1948, na mtu aliyeondoka huko katika karne ya 19 hakuhitaji pasipoti.

Hata hivyo, kimya si utupu. Desturi yetu ya majina ni msaada wa kwanza: jina la pili la mtu ni la baba yake. Kila jina kamili lililoandikwa popote hutupatia vizazi viwili kwa mpigo. Kwa hiyo mbao za marumaru za wafadhili zilizomo katika mahekalu ya kale, zilizochongwa kwa hati ya Kigujarati, ni nyaraka za ukoo. Vivyo hivyo madaftari ya maduka yenye majalada mekundu, ambayo watoto wetu wasiosoma hati hiyo huyadhani takataka.

Msaada wa pili ni Wabarot, watunza nasaba wa Gujarat, ambao tangu enzi huzunguka vijijini na vitabu viitwavyo vahi, wakiandika wanaume waliozaliwa katika kila ukoo. Vitabu hivyo havidumu milele. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 liliangusha nyumba nyingi za Kutch, na kilichokuwa ndani yake kilizikwa pamoja nazo. Aliye na nafasi ya kwenda kijijini asingoje.

Anayesoma nyaraka hizo yampasa kujua hesabu ya miaka. Zimeandikwa kwa Samvat, si kwa kalenda ya kimataifa. Kwa tarehe za kuanzia mwaka mpya wa Diwali hadi Desemba hutolewa 57. Kuanzia Januari hutolewa 56. Lakini Kutch huanza mwaka wake katika mwezi wa Ashadh, karibu na Juni au Julai, hivyo tarehe ya Agosti iliyoandikwa Mandvi yaweza kupishana mwaka mzima na ile ya Surat. Wazee wanaposema babu yao alihama wakati wa Chhappaniyo, wanataja njaa kuu ya Samvat 1956, yaani 1899 hadi 1900.

Kwa upande wa ukoo wetu, daftari kongwe la duka ni la Samvat 1957, na ndani yake mwenye duka ameandikwa pamoja na jina la baba yake. Katika vahi ya kijiji tumelikuta jina hilo la baba, na mbele yake maneno kwamba mtu huyo amekwenda Jangbar, ndivyo Wagujarati walivyoiita Zanzibar, Samvat 1934. Kati ya vitabu viwili kuna pengo la miaka 23. Tena kijijini walikuwapo binamu wawili wenye jina hilo hilo, na kitabu hakisemi ni nani aliyezaa mwana ng'ambo. Ndugu wengine wametaka tuunganishe nasaba na kufunga shauri. Tumekataa. Katika ibada ya shraddha mhenga hutajwa kwa jina. Tukimtaja wa watu wengine, wetu atakuwa ameachwa. Nafasi hiyo tumeiandika kwa penseli.

Upo pia upande mwingine wa utafutaji huu ambao haifai kuufunika. Katika 1860 balozi wa Uingereza Zanzibar, Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wa serikali yake kuwaacha huru watumwa wao, nao walikuwa maelfu. Anayefungua kumbukumbu za wakati huo aweza kumkuta mhenga wake akiwa bwana wa watu. Watu hao nao wana vitukuu, na baadhi yao huenda ni majirani watakaosoma kijitabu hiki. Wanatafuta majina kama sisi, tena kwa shida kubwa zaidi, kwa kuwa wahenga wao walinyang'anywa hata majina. Tukipata karatasi inayowahusu, ni haki yao kuiona.

Wanawake nao wamepotea zaidi ya wanaume. Vahi ziliwashika wana. Mabinti waliolewa, na wengine walibadilishiwa majina kwa waume zao. Mara nyingi jina la bibi mzaa babu limesalia kichwani mwa mama mmoja mzee tu, naye hajaulizwa.

Kwa hayo, tunaziomba familia zote zifanye mambo matatu kabla ya Diwali ijayo: zimkalishe mzee na kuandika majina anayoyakumbuka, ya kike na ya kiume, zipige picha kurasa za madaftari ya kale kabla ya mchwa, na ziandike penye shaka kwamba pana shaka. Majirani wenye kumbukumbu za maduka ya zamani na wenyewe tunawaomba nao watusimulie. Mungu awajalie wote heri na umri wa kuyakamilisha.