Apolo wa Delphi, Apolo wa Boga: Jina Moja na Kumbukumbu Zake Kati ya Mbarara na Nakivale

Wahubiri wengi wa kilokole katika Afrika Mashariki hufundisha kwamba jina hubeba roho ya aliyeitwa kwalo kwanza. Katika Nkore ya zamani, ambayo leo mji wake mkuu ni Mbarara, mafundisho hayo huyagusa majina ya kawaida kabisa. Anayeitwa Mugasha huambiwa amebeba mzimu wa ziwa. Anayeitwa Kazooba huambiwa amerithi ibada ya jua. Ushauri unaofuata ni kuchukua jina safi la Biblia, na Apolo limo katika hayo yanayohesabiwa kuwa safi. Makala haya yanadai kwamba kipimo hicho kina kasoro. Maana ya jina haikai kwenye chimbuko lake, bali kwa mtu ambaye wazazi walimkumbuka walipolitoa. Apolo linafaa kuwa kielelezo kwa sababu chimbuko lake ni hekalu.

Kwa Wagiriki wa kale, Apollo alikuwa mwana wa Zeus na Leto, pacha wa Artemis, aliyezaliwa katika kisiwa cha Delos. Alikuwa bwana wa muziki, uaguzi na uponyaji, na pia wa maradhi: utenzi wa Iliad wa Homer unaanza na tauni aliyowapelekea askari wa Kigiriki baada ya kuhani wake kudharauliwa. (Mwaka 1969, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Ghana siku zile wanaanga wa Apollo 11 walipotua mwezini, watu waliuita Apollo. Jina likarudi kwenye maradhi pasipo Homer kuhusika.) Miji mingi iliitwa Apollonia kwa heshima ya mungu huyo, mmojawapo ukiwa bandari ya Cyrene katika Libya ya leo. Lakini pwani ya Wanzema, magharibi mwa Ghana, ambayo Wareno waliiita Apollonia, ilipewa jina la Mtakatifu Apollonia, shahidi wa kike wa Alexandria wa karne ya 3. Ramani inaonyesha jina lile lile. Kumbukumbu ni mbili tofauti.

Apolo wa Matendo ya Mitume, sura ya 18, naye alitoka Alexandria. Alikuwa Myahudi, mjuzi wa maandiko na msemaji hodari. Prisila na Akila walimsahihisha mafundisho yake, na simulizi haisemi popote kwamba walimsahihisha jina. Katika sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, Paulo anawasalimu Herme na Nerea, watu wenye majina ya miungu, na anamsifu Fibi, ambaye jina lake Wagiriki walilitumia kwa bibi yake Apollo mwenyewe. Kanisa la kwanza lilijaa majina ya mahekalu, na halikutetereka.

Jina hilo lilifika Buganda kupitia Biblia ya wamisionari wa Kianglikana. Apolo Kaggwa, katikiro (waziri mkuu) kuanzia 1889 hadi 1926 na mwandishi wa historia ya wafalme wa Buganda, alilifanya jina la heshima mjini. Hata hivyo, aliyelivusha mipaka ni mwingine, Apolo Kivebulaya, na ndiye ninayemwona kuwa kiini cha suala hili. Alizaliwa karibu mwaka 1864 akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia. Alipobatizwa mwaka 1895 alichukua jina Apolo. La Kivebulaya, yaani kitu kitokacho Ulaya, lilitokana na koti alilopenda kulivaa. Hivyo pacha wa Buganda alipokea jina la pacha wa Delos, na hapakuwa na yeyote aliyekusudia hivyo. Alilipokea kwa ajili ya mhubiri wa Alexandria.

Kutoka Toro, mwaka 1896, alivuka mto Semliki hadi Boga. Chifu Tabaro alimpinga. Apolo alipigwa na kufungwa, kisha akarudi, na baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa. Mpaka wa wakoloni ulipoiweka Boga upande wa Kongo ya Wabelgiji, Apolo alifanya kazi kule kule, akawafikia Wambuti wa msitu wa Ituri na kushughulikia tafsiri ya Injili ya Marko kwa lugha yao. Alifariki tarehe 30 Mei 1933, akiwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu. Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake kutoka kwake. Kwa Mwanglikana wa Boga anayemwita mwanawe Apolo, jina hili lina kaburi linalojulikana lilipo, na kaburi hilo haliko Ugiriki.

Njia ya pili ilikuwa ya Kikatoliki na ya Kifaransa. Kutokana na Apollo lilipatikana jina Apollinaris, la askofu mtakatifu wa Ravenna, na wamisionari wakalileta Rwanda, Burundi na Kongo likiwa Apollinaire. Padre Apollinaire Malu Malu wa Kivu Kaskazini, aliyeongoza tume iliyosimamia uchaguzi wa Kongo wa mwaka 2006, ndiye aliyelitangaza zaidi katika siku zetu. Nakivale, wilayani Isingiro, ndipo njia hizi mbili zinapoweza kukutana: wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda wanaishi humo na wenyeji wako jirani, na Kiswahili kinawaunganisha wengi wao.

Turudi kwa Mugasha. Wanahistoria wengi wanamhusisha na Mukasa, lubaale (mungu) wa ziwa wa Waganda. Katika ibada ya kubandwa, iliyoenea kutoka Nkore na Buhaya hadi Rwanda na Burundi, mzimu humpanda mtu na kusema kupitia kinywa chake. Katika hekalu lake la Delphi, Apollo alisema kupitia kinywa cha mwanamke aliyeitwa Pythia. Kama upagawaji ndio unaolitia jina unajisi, basi Apolo lina unajisi ule ule. Tena kanisa lenyewe lilikwisha kuamua kinyume: Biblia ya Runyankore inamwita Mungu Ruhanga, jina la Muumba katika masimulizi ya kale ya Kitara na Nkore, na katika makanisa ya Mbarara Byaruhanga huitwa mbele ya madhabahu pasipo kuulizwa swali.

Ipo hoja nzito dhidi yangu, nayo haifai kupitwa. Mtu anaweza kusema kwamba ibada ya Apollo ilikufa zamani, ilhali kubandwa bado kuna wafuasi, kwa hiyo hatari si sawa. Lakini Apolo wa Alexandria alihubiri wakati ibada ya Delphi ingali hai. Plutarch alikuwa kuhani wa hekalu lile miongo kadhaa baadaye, na kauli za hekalu hilo zilinyamazishwa tu katika karne ya 4, chini ya watawala Wakristo. Jina lilisafishika moshi wa sadaka ukiwa ungali unapanda.

Kama mtu anavyoweza kulisafisha jina, mtu anaweza pia kulichafua. Apollo Milton Obote aliiongoza Uganda mara mbili, na Apolo Hotel ya Kampala, iliyofunguliwa miaka ya 1960, ilichukua jina lake hadi Idi Amin alipolifuta. Oktoba 1982, katika utawala wa pili wa Obote, maofisa wa Ankole (Nkore hiyo hiyo) na vijana wa chama chake cha UPC waliwafukuza watu wenye asili ya Rwanda kutoka mashambani mwao. Makumi ya maelfu walikimbilia Rwanda. Wengine wengi walisukumwa kwenye makazi ya Nakivale na Oruchinga, yaliyokuwa yakiwahifadhi wakimbizi wa Rwanda tangu karibu mwaka 1960. Mzee aliyepoteza ng'ombe wake mwaka ule akisita kumpa mjukuu jina Apolo, hatuwezi kumjibu kwa kumsomea Matendo ya Mitume.

Mobutu, mtawala wa Kongo aliyoiita Zaire, naye alipima majina kwa chimbuko, ila kutoka upande wa pili. Mwaka 1972 aliwaamuru Wazaire kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. Kwa kipimo chake Apolo lilikuwa la kigeni hata Boga, ambako lilikuwa limezikwa na kurithiwa kwa karibu miaka 40. Mhubiri wa leo na Mobutu wa jana wanatofautiana juu ya majina yapi yafutwe, lakini wote wawili wanaliuliza jina lilitoka wapi.

Mtafiti wa majina Nakivale akimkuta Apolo mmoja wa familia ya Boga, Apollinaire wa familia ya Kivu, na Mugasha mwenyeji wa Isingiro, aanze kwa kuwauliza wazazi swali moja kwa wote watatu: mtoto huyu mlimpa jina la nani? Huenda Mugasha akawa babu aliyekuwa mzee wa kanisa.