Unalima bila udongo? Pima joto la maji kabla hujaongeza mbolea

Saladi inanyauka saa nane mchana wakati mizizi imezama majini. Ukiivuta, unakuta mizizi imekuwa ya kahawia, inateleza na inanuka. Wengi hukimbilia kuongeza mbolea. Kwa miji ya joto kama Dar es Salaam na Mombasa, hasa Januari hadi Machi, anza na kipimajoto.

Kiwango kinachofaa

Kwa saladi na mboga nyingi za majani, maji yakae kati ya nyuzi joto 18 na 22. Yakifika 25, kaa macho. Yakigonga 30, mavuno yako hatarini.

Shida ni oksijeni

Mizizi nayo inapumua. Lita moja ya maji yenye nyuzi joto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakipanda hadi 30, inabaki kama 7.5. Wakati huohuo, joto linafanya mizizi ihitaji oksijeni zaidi. Ikikosa, inadhoofika, na vimelea vya kuozesha mizizi kama Pythium vinapata nafasi. Ndiyo maana mbolea haisaidii hapo.

Fanya hivi

• Anza na kivuli. Tanki jeusi juani linanyonya joto siku nzima. Lipeleke kivulini, lifukie nusu ardhini au lipake rangi nyeupe kwa nje. Funika na mabomba. Usitumie tanki linalopitisha mwanga, litaota utando wa kijani.

• Ongeza maji. Lita 200 zinachelewa kupata moto kuliko lita 20.

• Tumia pampu ya hewa. Ile ya tangi la samaki wa mapambo inatosha kwa mfumo mdogo. Haipozi sana maji, ila inarudisha oksijeni.

• Weka chupa za barafu. Chupa ya lita 1.5 iliyoganda hupunguza takriban nyuzi 1.5 kwenye lita 100. Kushuka kutoka 30 hadi 24 unahitaji chupa nne, na jua likiendelea kuchoma, joto linarudi. Ziwe zimefungwa vizuri. Barafu ikiyeyukia ndani inazimua virutubisho.

Kama mizizi imeshaoza

Toa mimea iliyoathirika, mwaga maji yote, osha tanki na mabomba kwa klorini, suuza vizuri, kisha jaza upya. Ukibadilisha maji bila kushusha joto, ugonjwa utarudi.

Walioko kwenye baridi

Njombe au Limuru shida inaweza kuwa kinyume. Maji yakishuka chini ya nyuzi 15, mizizi hufyonza fosforasi kwa tabu, ukuaji unasuasua na majani yanaweza kuwa ya zambarau. Funika tanki usiku, au weka hita ndogo ya tangi la samaki.

Pima mara mbili kwa siku: alfajiri na saa tisa alasiri. Kipimo cha alasiri ndicho kitakachokuambia kama mizizi inapumua au inapikwa.