Nukta Sita za Mwanafunzi Kipofu

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia jina la Louis Braille, mtu aliyewapatia vipofu maandishi yao. Lakini ni wachache wanaojua kwamba alipoanza kuyatunga alikuwa bado mwanafunzi, na kwamba watu wa kwanza kuyapima walikuwa vipofu wenzake waliolala naye katika nyumba moja.

Louis alizaliwa Coupvray, kijiji kilicho upande wa mashariki wa Paris, tarehe 4 Januari 1809. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na miaka 3 aliingia mahali pa kazi, akashika chombo chenye ncha, akajichoma jicho. Ugonjwa ukaingia hata jicho la pili, akapofuka kabisa. Padri wa kijiji, Jacques Palluy, ndiye aliyeanza kumfundisha. Tarehe 15 Februari 1819 wazazi wake wakampeleka Paris, katika shule ya vipofu.

Shule hiyo ilikuwa imeanzishwa na Valentin Haüy, mtu mwenye macho na mwenye huruma. Mwaka 1784 alimtwaa François Lesueur, kijana kipofu aliyekuwa akiomba sadaka mlangoni pa kanisa, akawa mwanafunzi wake wa kwanza. Husimuliwa kwamba siku moja Lesueur alipapasa karatasi iliyopigwa chapa kwa nguvu, akaitambua herufi moja kwa upande wa nyuma. Ndipo Haüy alipopata shauri la kuchapa vitabu vyenye herufi zilizoinuka. Basi hata njia hiyo ya kwanza ilitoka kidoleni mwa mwanafunzi. Bahati mbaya, Haüy alizishika herufi zile zile zinazopendeza macho. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito mno; mtoto alipofika mwisho wa mstari alikuwa karibu kuusahau mwanzo wake. Tena, kuandika mwenyewe hakuweza.

Mwaka 1821 alifika shuleni Charles Barbier, aliyekuwa zamani ofisa wa jeshi. Alileta maandishi ya nukta, yaliyotobolewa katika karatasi nene kwa chuma chenye ncha. Wanafunzi walifurahi sana. Lakini walipoyatumia waliona kasoro ambazo mwenye macho hakuweza kuzitambua: alama moja iliweza kuwa na nukta 12, haikuenea chini ya ncha ya kidole, ikabidi kukipandisha na kukishusha kidole kila mara. Kisha Barbier aliandika sauti tu. Tahajia, vituo, hesabu na muziki havikuwamo.

Louis akaishika kazi hiyo wakati wa usiku na siku za likizo. Alipunguza nukta zikawa 6, safu mbili za tatu tatu, ili kidole kiguse mara moja na kutambua. Nukta hizo 6 hutoa alama 63. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, sehemu kubwa ilikuwa tayari; wenzake wakajifunza, kama rafiki yake Gabriel Gauthier aliyekuja kuwa mpiga kinanda kanisani. Mwaka 1829 Louis alitoa kitabu cha kueleza namna ya kuandika maneno, muziki na hata nyimbo za Kanisa za Kilatini. Humo alimshukuru Barbier, kwa kuwa wazo la kwanza lilitoka kwake. Pamoja na nukta aliweka pia vistari, lakini vilileta taabu, naye akaviondoa katika kitabu cha mwaka 1837. (Herufi *w* haikuwamo, kwa sababu Wafaransa hawakuihitaji, iliongezwa baadaye. Sisi wa Kiswahili tungefanyaje bila *w*?)

Wakubwa wengine hawakupenda. Waliogopa kwamba vipofu watakuwa na maandishi yasiyosomeka na ndugu zao, nao watatengwa zaidi. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Louis mwenyewe aliijibu mwaka 1839 kwa njia nyingine ya nukta, inayochora herufi za kawaida, ili kipofu aweze kuwaandikia wenye macho. Ilikuwa ya polepole. Ndipo Pierre Foucault, kipofu aliyesoma shule ile ile, alipounda mashine ya kuiandika upesi. Hivyo vipofu wawili, mwalimu mmoja na fundi mmoja, walitatua neno ambalo wakubwa walilitumia kama sababu ya kukataa.

Hata hivyo, baada ya mwaka 1840 mkuu mpya wa shule alizikataa zile nukta 6. Wanafunzi wakaendelea kuzitumia kwa siri. Msaidizi wake, Joseph Guadet, aliwatetea, na tarehe 22 Februari 1844, nyumba mpya ya shule ilipofunguliwa, nukta zilionyeshwa mbele ya wageni.

Louis alikufa kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, amekwisha kupokea sakramenti. Ufaransa iliyakubali maandishi yake rasmi mwaka 1854. Mwaka 1952 mwili wake ulihamishwa Paris, ukawekwa Panthéon pamoja na watu wakuu wa nchi. Lakini mikono yake ilibaki katika makaburi ya Coupvray.